Pasta anataka baraza la wazee: tuanzie wapi?

Shemasi wa Kayole
Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu lina washirika kama 180, na kila neno linaishia kwa pasta: viti vya kukodi, ndoa, sadaka, hata nani ahubiri yeye akisafiri. Sasa mwenyewe ameomba tuunde baraza la wazee. Wawe wangapi, wapatikane vipi, na lisigeuke vipi kuwa baraza la kupiga makofi?

Mama Neema
Ndugu shemasi, 7 wanatosha. Chini ya 5, wawili wakisafiri hakuna kikao. Zaidi ya 9 ni baraza la chifu.

Kubwa ni nani anawapendekeza. Pasta akiwateua peke yake mtaingia kwa shimo la mfalme Rehoboamu, mwana wa Sulemani, 1 Wafalme 12. Watu hudhani hakuomba ushauri. Aliomba, tena mara mbili! Wazee waliomtumikia Sulemani walimwambia awapunguzie watu mzigo; akawaacha, akaenda kwa vijana aliokua nao, waliosimama mbele yake. Makabila 10 yakajiendea.

Sasa soma Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume wakataja sifa, washirika wakachagua watu 7 wa kusimamia mgao, mitume wakaweka mikono. Angalia majina ya wale 7: Stefano, Filipo, Prokoro... yote ya Kiyunani. Yaelekea upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa mgao. Basi kama kwenu wanaonung'unika ni akina mama na vijana, msijaze mvi tupu.

Pasta asome sifa za 1 Timotheo 3 na Tito 1 Jumapili mbili, washirika waandike majina kwa karatasi, kisha majina yabandikwe mlangoni wiki 2 mwenye pingamizi aje. Muhula miaka 3, ila kundi la kwanza wengine wapewe 1, wengine 2, wasitoke wote siku moja. Mume na mke wasikae pamoja humo, na mke wa pasta asiwe mweka hazina, hata akiwa mhasibu.

Karani Umoja
Mama amemaliza ya uchaguzi. Mabaraza mengi hufia kwenye kikao. Ajenda ifike kwa simu siku 5 kabla. Ikija siku yenyewe, wazee wanakubali kwa kuwa hawajapata muda wa kufikiri. Mwenyekiti asiwe pasta, na pasta aseme mwisho. Akishatangulia na "Bwana amenionyesha", nani atainua mkono? Wayahudi wa kale walilijua hili: katika kesi za kifo, majaji wadogo ndio waliotangulia kutoa maoni.

Andikeni uamuzi, mhusika na tarehe. Baraza la Yerusalemu, Matendo 15, lilitoa barua, na likawatuma Yuda na Sila waieleze kwa mdomo. Ninyi tangazeni Jumapili inayofuata, kabla uvumi haujafika WhatsApp.

Sadaka ihesabiwe na watu 2 wasio ndugu, kabla bahasha hazijatoka ukumbini, wote waweke sahihi. Benki iwe na watia sahihi 3, wowote 2 watoe pesa. Na M-Pesa ya kanisa isiwe laini ya mtu, hata ya mtakatifu gani.

Shemasi wa Kayole
Asanteni sana. Sasa hata balbu ikiungua tungoje kikao?

Mama Neema
Hapana bwana! Yethro alimwambia Musa, mkwewe, madogo yaamuliwe chini, magumu ndiyo yapande (Kutoka 18). Wekeni viwango kwa maandishi, kwa mfano: hadi Sh5,000 shemasi aamue, hadi Sh50,000 baraza, zaidi ya hapo mkutano wa washirika. Rekebisheni kulingana na mfuko wenu. Siri za mtu aliyekuja kwa pasta kutubu zibaki kwa pasta.

Karani Umoja
Na kama mmesajiliwa kama chama, pelekeni majina mapya ya viongozi kwa Msajili wa Vyama mara tu mkishachagua, pamoja na kumbukumbu za mkutano zenye sahihi. Mkizembea, benki itaendelea kuwatambua wale wa zamani, na hapo ndipo ugomvi wa cheki huanza.

Shemasi wa Kayole
Karatasi za majina naziprinti Jumamosi.