Gari niliache Mtwara, niliache Dar, au nipande basi tu? Nasafiri mwisho wa Oktoba

Mwana Ng'apa:
Wakuu salaam. Niko Lindi mjini. Mwisho wa mwezi wa kumi nina safari ya nje, ndege naipandia Dar. Kinachonisumbua ni gari. Naona njia tatu: niendeshe mpaka Dar nilipaki pale pale uwanjani, au nilipaki kwenye hizo yadi na gesti za Kipawa na Majumba Sita ambazo nasikia ni nafuu, au nishuke Mtwara, niliache huko, nipande ndege ya Mtwara–Dar nikaunganishe. Ipi inaokoa hela na usumbufu? Natanguliza shukrani.

Fundi Chikongola:
Mkuu umeandika yote isipokuwa yanayotakiwa. Unakaa siku ngapi? Gari gani? Uko peke yako? Pakingi ya uwanja inahesabiwa kwa muda. Ukikaa siku mbili huna haja ya kufungua uzi, ukikaa miezi miwili utauza gari ulipe pakingi.

Shangani Mashariki:
Na bima. Kubwa au ndogo?

Babu wa Kilwa Road:
Endesha bwana. Lindi–Dar ni kama kilomita 450, lami tupu. Ukiondoka baada ya swala ya alfajiri, mchana uko Mbagala. Gari uko nalo, ukirudi usiku hutegemei ratiba ya mtu. Hizi ndege za Mtwara zikiahirishwa unalala Dar kwa hela yako.

Mikindani Kwetu:
Babu, mchana uko Mbagala, sawa. Na kutoka Mbagala mpaka uwanjani unafika saa ngapi? Foleni ya Rangi Tatu, upite Uhasibu, Tazara, ndipo uingie Nyerere. Flaiova ya Mfugale imesaidia tangu 2018, lakini jioni pale hujui utatoka lini. Mimi nasema Mtwara. Gari linakaa karibu na nyumbani, ndege kama saa moja hivi, unatua Dar ukiwa tayari ndani ya uwanja. Hakuna yadi wala bajaji.

Babu wa Kilwa Road:
Nauli ya hiyo ndege utamlipia wewe?

Mwana Ng'apa:
Samahani wakuu, nilikuwa shamba. Ni wiki tatu, zinaweza kuongezeka. Gari ni Rav4 ya zamani. Bima ndogo. Namsindikiza mama India kwa matibabu.

Mama Korosho:
Sasa mwanangu hilo la mama ndilo lingetangulia! Unataka kumkalisha mgonjwa kwenye gari kilomita 450 kisha apande ndege ya saa nyingi? Anaumwa nini, kama si siri? Anatembea?

Mwana Ng'apa:
Ni mguu na nyonga. Anatembea kwa fimbo, akikaa muda mrefu anavimba.

Mama Korosho:
Basi yadi zitoe kabisa kichwani. Yadi maana yake unamshusha mgonjwa mara mbili, umtoe kwenye gari umpandishe bajaji na mabegi. Ukienda na gari mpaka Dar, mshushe kwanza mlangoni na mtu wa kukaa naye, ndipo ukahangaike na pakingi. Na ukikata tiketi waambie mapema unahitaji kiti cha magurudumu. Hakina malipo, ila ukikumbuka siku ya safari utasubiri.

Kaka wa Mnazi Mmoja:
Mimi niwape ya yadi, maana naona watu wanaisifia kwa kusikia.

Nilikuwa nakwenda Muscat kwa dada. Niliacha Noah kwenye yadi moja mitaa ya nyuma ya Barabara ya Nyerere, sitaitaja. Ukuta mzuri, geti la chuma, mlinzi na mbwa. Wakaniambia elfu tatu kwa siku, nikaona nimepata. Jamaa akasema, "Acha funguo kaka, magari yanabanana, huenda tukahitaji kusogeza." Nikaacha. Nikapewa karatasi ya daftari imeandikwa "NOAH NYEUPE" na sahihi. Hakuna kilomita, hakuna kiwango cha mafuta, hata namba ya gari haimo.

Narudi baada ya kama mwezi, gari limeoshwa linang'aa. Nikafurahi! Nikaingia ndani, kiti changu kimesogezwa nyuma kabisa, mimi mfupi. Buti nzima ina magamba ya samaki yamekaukia kwenye mikunjo ya zulia, na lile tairi la akiba nililoliacha jipya limegeuka kipara. Nikauliza, mlinzi akasema yeye ni wa zamu ya mchana. Nikaondoka kwa sababu nilikuwa na watoto.

Sasa Mkuranga nikasimamishwa. Askari akaingiza namba kwenye kile kimashine, ananiambia una deni. Deni gani? Elfu thelathini, mwendokasi, Chalinze. Tarehe ile mimi niko Muscat, pasipoti ina muhuri! Nikampigia mwenye yadi, akapokea mara moja, baada ya hapo hakupatikana tena. Nililipa mwenyewe, kwa sababu gari ni langu na namba ni yangu. Nikafika Lindi gari linanuka kibua.

Fundi Chikongola:
Noah nyeupe ya mizigo ya samaki hiyo, ilishazoea kazi 😂

Kaka wa Mnazi Mmoja:
Cheka tu. Zulia nilibadilisha.

Mbwinji:
Pole kaka, lakini usizichome yadi zote. Mimi kwa kazi yangu napaki Kipawa kila mara na sijawahi kuguswa. Siri ni moja tu, funguo naondoka nazo. Mwenye eneo akisema lazima aachiwe, nageuza. Halafu napiga picha dashibodi kilomita zionekane, napiga gari pande zote yeye akiwa ameingia kwenye picha, namtumia palepale. Risiti iwe na namba ya gari, tarehe na kiasi tulichopatana. Kadi ya gari siiachi ndani. Wanaoibiwa ni wanaoona aibu kudai karatasi.

Kaka wa Mnazi Mmoja:
Sawa, nimeona aibu. Ila mwizi akabaki mwizi.

Shangani Mashariki:
Turudi kwa mtoa mada. Bima ndogo inalipa uliyemgonga wewe, gari lako likiibiwa au likiungua kwenye yadi hupati kitu. Kwa bima hiyo usiende kuokoa elfu mbili tatu kwa siku. Inaisha lini?

Mwana Ng'apa:
Tarehe 5 Novemba.

Shangani Mashariki:
Inaishia ukiwa India! Katia mpya kabla hujaondoka, la sivyo ukirudi utatoka pale getini na gari lisilo na bima, trafiki wa kwanza tu ni wako.

Fundi Chikongola:
Kwa wiki tatu na zaidi, popote utakapoiacha, fungua waya wa hasi wa betri. Rav4 hizo nyingi zimefungwa alamu za mtaani zinanyonya betri kimyakimya, utaikuta imekufa. Jaza upepo. Handibreki usiivute, weka gia ya P na uzuie magurudumu kwa mawe au magogo, maana karibu na bahari breki za nyuma hushika kutu zikagoma. Na usiache hata ganda la karanga ndani. Panya akiingia kwa karanga, akishashiba anahamia kwenye nyaya.

Mikindani Kwetu:
Na kama ni Mtwara, usipaki chini ya mkorosho. Oktoba mabibo yanadondoka, maji yake yakikaukia kwenye rangi utasugua mpaka uchoke.

Babu wa Kilwa Road:
Minazi ndiyo ya kuogopa, siyo mikorosho. Bibo linachafua, nazi inavunja kioo.

Mikindani Kwetu:
Hakuna aliyesema apaki chini ya mnazi, babu.

Mbwinji:
Tupige hesabu basi badala ya kubishana. Rav4 ya zamani tuseme inakula lita moja kwa kilomita 10. Lindi–Dar kwenda na kurudi ni lita 90. Lindi–Mtwara kwenda na kurudi kilomita 210 hivi, lita 21. Tofauti ni karibu lita 70, zidisha kwa bei ya mafuta ya EWURA ya mwezi huo, wanaitoa Jumatano ya kwanza. Hapo ongeza pakingi ya Dar na chakula cha njiani. Upande wa pili weka nauli mbili za ndege kwenda na kurudi. Kwa watu wawili gari bado linaweza kushinda kwa hela, ila usumbufu hauna lita.

Mikindani Kwetu:
Na kama ndege ya India ni ya Air Tanzania, wanakwenda Mumbai, aulize kama anaweza kukatiwa tiketi moja kuanzia Mtwara. Tiketi ikiwa moja, ya kwanza ikichelewa ni shauri lao. Zikiwa mbili tofauti, utajijua, na kilo za mzigo hazilingani.

Mama Korosho:
Asikawie. Msimu wa korosho ukianza, wanunuzi wanajaza ndege za Mtwara.

Babu wa Kilwa Road:
Nilishasema, barabara haijai.

Mikindani Kwetu:
Umesahau Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga, mabasi yakakwama na watu wakalala njiani. Mgonjwa angekuwa humo?

Babu wa Kilwa Road:
Hiyo ilikuwa masika na kimbunga juu. Yeye anasafiri Oktoba. Unatisha watu bure.

Kaka wa Mnazi Mmoja:
Mbona hakuna anayejibu habari ya basi? Gari libaki nyumbani Lindi, wapande basi mpaka Mbagala, walale kwa ndugu, asubuhi teksi mpaka uwanjani. Hakuna pakingi wala mtu wa kubeba samaki.

Mama Korosho:
Nyonga, baba. Nyonga! Soma juu.

Mwana Ng'apa:
Nashukuru wote. Naelekea upande wa Mtwara. Tatizo jingine sikulitaja: gari si langu, ni la shemeji yangu, na yeye anadhani naendesha mpaka Dar kwa sababu aliniagiza nirudi na vipuri vyake kutoka Kariakoo.

Fundi Chikongola:
Aisee. Yaani tumekushauri mawe na betri za gari la watu.

Shangani Mashariki:
Kwa hiyo hata bima si jina lako. Mwambie shemeji kabla hujafanya lolote. Gari likipotea Mtwara yeye akijua liko Dar, hapo hamtakuwa tena mashemeji.

Mbwinji:
Vipuri gani? Kama ni bushi na shoki, Mtwara zipo.

Mwana Ng'apa:
Shoki za mbele na bampa.

Fundi Chikongola:
Shoki ninazo, njoo inbox. Bampa usibebe kwenye ndege, litume kwa basi.

Mama Korosho:
Kwa Mtwara, muulize pia mwenye nyumba yoyote ya kulala wageni karibu na uwanja. Ukilala usiku mmoja hapo, mara nyingi wanakubali gari libaki uani kwa kitu kidogo. Mama naye anapumzika kabla ya ndege. Mimi hufanya hivyo nikienda kwa binti yangu Mwanza.

Kaka wa Mnazi Mmoja:
Mama Korosho, hiyo unayolala wewe uani kuna ukuta? Na funguo unaacha au unaondoka nazo? Na mimi nina safari Desemba.

Mama Korosho:
Ukuta upo. Funguo naondoka nazo. Ila kuna mkorosho.