Fielder, Fit au Impreza: breki ya kujifunga yenyewe yafaa Mombasa?

Baba_Mapacha: Asalaam aleikum. Nimeona gari tatu yadi: Fielder, Fit na Impreza. Muuzaji asema zote zina breki ya kujifunga yenyewe, ukizubaa gari lasimama. Nawapeleka watoto wawili shule kila asubuhi, na hilo ndilo linalonishughulisha. Nichukue ipi?

FundiTudor: Waalaikum salaam. Za mwaka gani? Una pesa kiasi gani? Waendesha usiku? Mwaka ni muhimu, kwa sababu jina ni moja lakini mitambo si sawa. Fit za awali zenye breki hiyo zilikuwa na leza pekee, yaani mwale wa kupima umbali, yafanya kazi chini ya kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni ya foleni ya Buxton. Fielder za 2015 zilikuja na leza na kamera moja, breki hujifunga kati ya kilomita 10 na 80, na zilitambua magari, si watu. Impreza yatumia kamera mbili juu ya kioo cha mbele, hupima umbali kama macho yetu.

Nyota_Sita: Impreza, kaka, usifikirie mara mbili. Nimeendesha miaka mitatu hadi Malindi na kurudi.

Dereva_Likoni: Na mafuta utamnunulia wewe? Fielder. Vipuri vyake vyapatikana hadi vichochoroni.

MamaZulfa: Ngojeni niwaeleze yaliyonifika. Gari langu lina kamera kwenye kioo. Jiwe lilitoka kwa lori pale Kibarani, kioo kikapasuka. Nikapeleka mahali, wakaweka kingine kwa bei nafuu, kamera wakairudisha kwa gundi. Hakuna aliyeniambia kwamba kioo kikibadilishwa kamera lazima ipimwe upya ielekee sawasawa. Wiki ya pili niko daraja la Nyali, jioni, narudi kisiwani, jua limenikabili. Mbele yangu peupe, tuktuk iko leni ya pembeni. Dashibodi ikalia, ikawaka nyekundu kwa maandishi ya Kijapani, breki zikajikaza. Kifua changu kikavutwa na mkanda. Boda aliyekuwa nyuma akaingia kwenye bampa. Abiria wake alikuwa mama na ndoo ya samaki; alichubuka goti, samaki wametapakaa lami nzima. Nililia pale pale. Baadaye fundi mwingine alinionyesha: kamera imeinama kidogo mno, huwezi kuona kwa macho. Akasema huenda jua nalo lilichangia.

Dereva_Likoni: Pole sana dada. Lakini boda naye alikusogelea mno. Hawa watu hawaachi nafasi.

Nyota_Sita: Boda wana makosa gani hapo? Mtu akifunga breki katikati ya daraja bila sababu, hata matatu ingemgonga.

Dereva_Likoni: Sheria yasema uache nafasi. Ndiyo maana tunazikana kila wiki.

FundiTudor: Turudi kwa swali. Kamera hizi zimefundishwa kutambua mgongo wa gari, na mpya zaidi hutambua mtu na baiskeli. Mkokoteni wa madumu ya maji Kongowea, saa moja usiku, bila taa, usitegemee utaonekana. Trela lililoharibika Miritini bila viakisi, vilevile. Mvua ya masika, vumbi, chumvi ya bahari kwenye kioo, zote huifumba kamera. Na kwa kilomita 80 gari hula mita 22 kila sekunde. Kompyuta yaweza kufunga breki, lakini kinachoshika lami ni tairi. Tairi za mtumba zilizokauka hazitakuokoa. Hata Marekani, sheria ya 2024 iliwapa watengenezaji hadi 2029 kuweka breki hizi kwenye magari madogo mapya.

Baba_Mapacha: Shukran. Fielder ni ya 2019, Fit 2018, Impreza sijaangalia. Pesa ni milioni moja na nusu hivi. Shule iko Mtwapa, naondoka saa kumi na mbili kasorobo, bado giza.

FundiTudor: Giza! Ungesema mwanzo. Kamera hutegemea taa za mbele, na taa za hizo gari nyingi zimefifia kwa jua. Jumamosi kabla ya kulipa, kagua kioo. Kikiwa si cha asili, uliza kamera ilipimwa wapi.

MamaZulfa: Na muuzaji akueleze maandishi ya dashibodi yasema nini. Mimi niliendesha miezi minane sijui.

Nyota_Sita: Impreza ni ya mwaka gani jamani? Tuma picha ya kioo.