Wakuu, hizi "penny", "dime" na "buck" za Kiingereza mnazitafsirije?

Mwanagenzi_Tafsiri: Habari za jioni wakuu. Natafsiri mazungumzo ya filamu kwa maandishi ya chini ya skrini. Mstari mmoja hauruhusiwi kuzidi herufi 42, kwa hiyo hakuna nafasi ya maelezo. Nimekwama hapa: "Then the penny dropped." "In for a penny, in for a pound." "They nickel-and-dime you for everything." "Singers like her are a dime a dozen." "The buck stops with me." Nikiandika "peni ikadondoka", mtazamaji atadhani kuna sarafu imeanguka kweli. Msaada tafadhali.

Pwani_Lugha: Karibu mkuu. Ya kwanza imetokana na mashine za kutumbukiza sarafu: peni inakwama njiani, kisha inashuka, ndipo mashine inaanza kazi. Maana yake ni kuelewa *baada ya kuchelewa*. "Nikaelewa" inapoteza huko kuchelewa. Weka "Ndipo nikang'amua", au kama mhusika anashtuka, "Kumbe!" peke yake inatosha kabisa.

Ya pili tunayo tayari: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Nimehesabu, ni herufi 38 pamoja na nafasi. Inaingia.

Kamusi_Hai: Naongeza za Marekani. Nickel ni senti 5, dime ni senti 10. Hoteli inakutoza chumba, halafu taulo, halafu intaneti, halafu chupa ya maji; kila tozo ni ndogo ila jumla inauma. Kitenzi chake ni kudonoa: "Wanakudonoa kwa kila kitu." Usiandike "wanakuibia", maana tozo zote zimo kwenye risiti.

"A dime a dozen" ni dazeni nzima kwa senti 10. Ina dharau ndani yake, kwa hiyo "wako wengi" ni baridi mno. "Waimbaji kama yeye wamejaa tele" inakaa vizuri. Mwingereza kwa maana hiyo hiyo husema "two a penny".

Mwanagenzi_Tafsiri: Asanteni sana. Mbele kuna "penny wise and pound foolish". Nimeweka "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Iko sawa?

Pwani_Lugha: Hapana ndugu yangu, hiyo itoe. Methali ya ufa inamsema anayechelewa kurekebisha. Huyu wa Kiingereza hachelewi, anabana pasipo pake: anapanda daladala mbili kwenda soko la mbali ili aokoe shilingi 200 kwenye kilo ya sukari, na nauli inameza zaidi ya hiyo. Andika "Anabana senti, anamwaga maelfu."

Na usibadilishe pound kuwa shilingi. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971, pauni ya Uingereza ilikuwa na shilingi 20, na kila shilingi peni 12, yaani peni 240. Msemo unamlaumu mtu anayechunga moja huku akipoteza 240. Shilingi yetu ina senti 100; ukiichanganya humo, uwiano wote unavurugika.

Mhariri_Mkongwe: Kwenye "buck" ndipo wengi huteleza. Mtaani Marekani buck ni dola, lakini hapa si pesa hata kidogo. Ni alama iliyozungushwa kwenye meza ya karata za poka kuonyesha zamu ya kugawa ni ya nani. "Pass the buck" ndiyo "kutupiana mpira" yetu. Rais Harry Truman aliweka mezani kwake kibao kinachosema buck inaishia pale. Akisema mkubwa wa kazi, tafsiri "Wa kuwajibika ni mimi." Akisema mtu anayekiri kosa, "Lawama zote ni zangu." Tazama kwanza nani anaongea.

Kama ni filamu ya Uingereza, jiandae pia kukutana na "spend a penny". Vyoo vya umma kule vilikuwa na kufuli la kutumbukiza peni mlangoni. Ni tafsida, basi ijibu kwa tafsida: "Naenda msalani." Ukiandika "kukojoa" umemvunjia mhusika heshima ambayo mwenyewe ameilinda.