Kanzidata ya wakulima imegoma kupokea mtu, nifanyeje?

Mwana_Nachi: Wakuu habari za jioni. Niko Nachingwea, nasoma kompyuta mwaka wa kwanza, kanzidata, yaani taarifa zilizopangwa kwenye majedwali ya kompyuta, ndio tumeianza. Natengeneza ya chama cha ushirika: jina la mkulima, simu, kijiji, mzigo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha kila mkulima kisichoruhusiwa kujirudia, nimeweka namba ya simu. Leo MySQL, programu ninayotumia, imeleta kosa 1062, mkulima mmoja haingii. Nisaidieni, nina haraka.

Fundi Mitambo: 1062 maana yake ufunguo huo una mwenyewe tayari. Ila mimi naanzia kwingine: akileta mzigo wa nne utauweka wapi? Vunja jedwali. Wakulima kwao, mizigo kwake, kila mzigo ubebe namba ya mwenye mali. Huo ndio ufunguo wa nje. Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alishaonyesha njia hii mwaka 1970.

Mwalimu Mstaafu: Liwale nilikuwa na akina Fatuma Saidi watatu darasa moja. Ukiita mmoja, wanaitika wote. Nikawapa namba. Mmoja alipohamia Ruangwa, namba yake sikumpa mtu mwingine mpaka nastaafu.

Mzee wa Mnadani: Vijana mnapenda njia za mkato. Jasho la mkulima si la kufanyia majaribio.

Binti Ruponda: Mleta mada, aliyekataliwa ni nani, na ulimfanyaje?

Mwana_Nachi: Ni bibi mmoja, hana simu, anatumia ya mwanawe. Kilo zake 214 nilizijumlisha kwenye mstari wa mwanawe ili kazi iende. Katibu akachukua orodha, malipo yakatoka. Lakini kuvunja jedwali siwezi, wakulima 386 nimewaingiza kwa mkono! Nafikiria kuongeza sifuri mwishoni mwa simu ya bibi, ipite.

Fundi Mitambo: Usithubutu. Laini hupotea, watu hubadili namba. Tumia namba ya uanachama. Simu iwe safu ya kawaida, hata wawili wakichangia moja ipokee. Hao 386 huwaandiki upya, unawahamisha kwa amri chache za SQL, lugha ya kanzidata.

Kusini Yetu: Chai hii. Minada ya korosho huanza Oktoba, leo Juni. Malipo gani?

Mwana_Nachi: Nani kataja korosho? Ni ufuta. Stakabadhi ya bibi iko hapa mezani, aliniachia mwenyewe. Kona imeingia mafuta, namba ya uanachama ina wino mwekundu.

Mzee wa Mnadani: Hapo kweli, ufuta ndio unauzwa sasa.

Binti Ruponda: Hela ya bibi iko wapi?

Mwana_Nachi: Imeingia kwa mwanawe pamoja na yake. Bibi anadhani mzigo wake bado uko ghalani.

Binti Ruponda: Basi jedwali lisubiri. Asubuhi kwa katibu, kisha kwa bibi.

Mwana_Nachi: Nakwenda. Stakabadhi nimeshaitia mfukoni.