Tupeane uzoefu: kufuga funza wa unga kwa ajili ya kuku wa nyumbani

Jogoo la Alfajiri
Wakuu, uzi huu ni wa funza wa unga tu, wale wa rangi ya dhahabu wenye ngozi ngumu inayong'aa. Wa funza wa nzi watupishe kidogo, taratibu zao ni tofauti. Simulizi ndefu tuziache: taja kipimo, hatua, kinachoharibika na sababu yake.

Naanza na chombo. Beseni au kontena la plastiki lenye kuta laini, kina cha sentimita 15, linatosha. Buu, yaani funza mwenyewe, hawezi kupanda plastiki laini, na mbawakawa, yaani mdudu mzima anayetokana naye, vilevile. Mbao na maboksi wanayatafuna, achana nayo. Jaza pumba za ngano kina cha sentimita 5 hadi 7. Hicho ndicho chakula na ndicho kitanda. Joto zuri ni nyuzi 25 hadi 28. Hapo yai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 14, buu hukua wiki 8 hadi 10 au zaidi, bundo (buu aliyejifunga kabla ya kuwa mbawakawa) hulala wiki 1 hadi 3, kisha mbawakawa huishi miezi 2 hadi 3 akitaga.

Ukianza na mabuu 1,000 wakubwa, kama gramu 100 hivi, usimpe kuku hata mmoja. Waache wote wawe mbawakawa. Mavuno ya kwanza ni baada ya miezi 4 hivi, na baridi ikiingia ni zaidi. Wengi wanafeli hapa: wanalisha kuku mbegu, halafu wanasema mradi haulipi.

Pumba Kavu
Kabla ya kuweka mabuu, shughulikia pumba zenyewe. Karibu kila gunia lina mayai ya utitiri, fukusi au nondo. Funga pumba kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza siku 3. Ukitoa, USIFUNGUE mpaka zirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo mvuke wa hewani unagandia kwenye pumba baridi na unakuwa umezilowesha mwenyewe. Asiye na friza atandaze kwenye trei, oveni nyuzi 60 hadi 70, saa moja.

Na uliza kama nafaka ilipigwa dawa ya kuhifadhia. Dawa inayoua fukusi inaua na hawa, ni mbawakawa kwa mbawakawa.

Mtetea Mweusi
Maji. Hapa ndipo miradi mingi inapofia. Usiweke kisahani cha maji, wala usinyunyize. Karoti ndiyo bora: ikate vipande vinene kama kidole, vipange juu ya kipande cha kadibodi kilicholala juu ya pumba, usivifukie. Kadibodi inanyonya maji ya karoti yasishuke chini. Toa mabaki ndani ya saa 24 hadi 48, hata kama hayajaisha. Kiazi kinafaa ila huota ukungu upesi. Tango na tikiti mimi siviwezi, maji ni mengi mno.

Kipimo cha unyevu: fumbata pumba kiganjani, fungua mkono. Zikimwagika kama mchanga, sawa. Zikibaki donge, umechelewa. Toa tabaka hilo lote na uongeze pumba kavu. Ukisikia harufu kali ya mkojo, ni unyevu pamoja na msongamano.

Chekecheke
Naongezea utitiri wa nafaka, kwa sababu wengi wanaudhania vumbi. Chukua tochi usiku, angalia ukingo wa beseni kwa karibu. Ukiona unga wa rangi ya kahawia hafifu umejipanga kwenye ukuta, futa mstari kwa kidole na usubiri dakika chache. Mstari ukijifunika, huo ni utitiri unatembea. Chanzo ni unyevu, si uchafu. Simamisha karoti siku 4 au 5, weka kipande kimoja cha kiazi kama chambo, kitoe kila asubuhi kikiwa kimejaa utitiri na ukitupe mbali. Ukizidi, chekecha mabuu, hamishia pumba mpya, choma za zamani. Miguu ya rafu ipake mafuta mazito ya mgando au isimamishe kwenye vikopo vya maji. Hiyo inazuia na sisimizi.

Kuhusu kuchekecha: kinyesi chao ni kama mchanga laini, kinapita kwenye wavu wa nusu milimita. Usichekeche kabla ya wiki 5 tangu utoe mbawakawa, maana mayai na vichanga vinapita pamoja nacho. Hata baada ya hapo kiweke ndooni wiki 3, kisha tazama kama uso unatikisika. Kikitulia ni mbolea nzuri. Vaa barakoa, vumbi lile linawasha kifua na kuna watu huamsha pumu.

Bawa Moja
Kutenganisha ni lazima. Mbawakawa wanakula mayai yao, na mabuu wanatafuna mabundo kwa kuwa hayawezi kukimbia. Okota mabundo kila baada ya siku 2, yaweke kwenye kontena tupu juu ya karatasi. Jeupe linalotikisika ukiligusa ni zima, jeusi limekufa. Mbawakawa hutoka mweupe, anakuwa wa kahawia, halafu mweusi. Usimtupe yule mweupe ukidhani ni mgonjwa. Hata buu mweupe laini ametoka tu kujivua ngozi.

Mbawakawa wahamishie beseni jipya kila wiki 2, la zamani limebaki na mayai, liandike tarehe.

Jogoo la Alfajiri
@Bawa Moja, hapo kuokota kwa mkono tunatofautiana. Ukifika mabuu elfu tano hutaweza. Mabuu wakianza kugeuka, tandaza vipande vya karoti: ambao hawajageuka wanakusanyika kwenye karoti, mabundo yanabaki. Halafu usiwasonge. Wakibanana, katikati panachemka na wengi wanachelewa kuwa bundo.

Mtetea Mweusi
Kulisha: kuku mtagaji hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na vya ziada visizidi sehemu 1 ya 10. Gramu 10 za mabuu hai, yaani 80 hadi 100 wakubwa, zinamtosha. Kuku 5 ni gramu 350 kwa wiki, na kuzipata utatumia kama gramu 700 za pumba. Fosforasi wanayo nyingi, kalsiamu kidogo sana. Ukizidisha, maganda ya mayai yanalainika. Magamba ya chaza yaliyosagwa yakae kando muda wote. Wakati wa kunyonyoka manyoya ndipo wanafaa zaidi. Vifaranga wape wadogo, na changarawe iwepo. Uvumi kwamba buu hutoboa tumbo la kuku ni uvumi tu, firigisi inammaliza.

Chekecheke
La mwisho kwangu: msiokote mbawakawa weusi wadogo wa kwenye maranda ya banda mkidhani ni mbegu ya bure. Wale wana milimita 6 hivi, hawa wetu hufika 15. Ni jamaa wengine, wanakula mizoga na kinyesi bandani na wanabeba Salmonella. Kwa sababu hiyohiyo mabeseni yasikae ndani ya banda.