Akalati wa Arabuko-Sokoke: flashi na sauti ya simu, mnasemaje?

Mtembezi_Mtwapa
Wadau, habari zenu. Wikendi ijayo naelekea msitu wa Arabuko-Sokoke, huku pwani ya Kenya, kumtafuta akalati, yule ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa. Nina lenzi ya milimita 300, f/4. Flashi nibebe? Na kumwita kwa kumchezea sauti yake kwenye simu, mnaonaje?

BintiGede
Karibu kwetu, kaka. Nimekulia kando ya msitu huu na wageni nawatembeza mimi, kwa hiyo nakuomba: simu ikae mfukoni. Dume akisikia ile sauti anajua kavamiwa. Anaacha kula, anahangaika kumtafuta adui asiyekuwepo. Leo wewe, kesho mwingine, na vijia tunavyopita ni vilevile. Hilo silikubali hata kwa mgeni aliyetoka mbali.

Usimtafute kwenye mirihi (ile miti ya Brachystegia), chini kule kweupe mno (ila ukipita, tazama juu, kuna chozi wa Amani, ndege mwingine mdogo). Nenda msitu mchanganyiko wa upande wa Gede, penye vichaka vilivyoshikana. Ingia alfajiri, chagua mahali, keti. Akalati hutua kwenye kitawi cha chini, usawa wa goti, akatulia. Mara kadondoka kwenye majani makavu, kaokota mdudu, karudi juu.

Ukikuta siafu wanasafiri, hapo umepata! Wadudu hutimka mbele yao, na ndege huja wenyewe kuwadaka. Chomeka suruali ndani ya soksi, ukae mbali kidogo na msafara. Nimeshamwona akila hivyo karibu yangu kabisa, bila wasiwasi wowote, mpaka ule mgongo wa hudhurungi ukaonekana unyoya kwa unyoya.

Lenzi_Kilifi
Naunga mkono. Flashi iache nyumbani. Fungua lenzi mpaka f/4 mwanga uingie, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200, shata sekunde 1/125, kamera uiegemeze kwenye stendi ya mguu mmoja. Bonyeza anapotulia, maana kwa kasi hiyo ya shata, akiruka hupati kitu. Na ukae chini kabisa: ukimpiga kutoka juu utapata mgongo na majani tu.

Mtembezi_Mtwapa
Shukrani, dada, nawe kaka. Sauti nimeshaifuta kwenye simu. Dada, siafu huonekana zaidi baada ya mvua?

BintiGede
Ndiyo, ardhi ikiwa na unyevu. Huku jana usiku imenyesha, njoo.