Jenerali Alfred Dodds: mzaliwa wa Senegal aliyeiangusha Dahomey, alifikaje pale?

KitabuWazi:

Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua naomba wenye kuijua historia ya Afrika Magharibi mnisaidie. Nilikuwa nafuatilia habari za zile kazi za sanaa 26 ambazo Ufaransa iliirudishia Benin Novemba 2021, kile kiti cha enzi cha Mfalme Ghezo, milango ya kasri la Mfalme Glele, ile sanamu ya Mfalme Behanzin nusu mtu nusu papa, na kila maelezo ninayosoma nakutana na jina lile lile, kwamba vitu hivyo vilibebwa kutoka Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey (kusini mwa Benin ya leo), na Jenerali Dodds kwenye vita vya 1892. Sasa kumtafuta huyo Dodds ni nani nakuta kazaliwa Saint-Louis, Senegal, mwaka 1842, na ni chotara, ukoo wake una damu ya Ulaya na ya Afrika.

Hapo ndo nimekwama. Karne ya 19, kipindi kile cha kuligawana bara letu, mtu wa namna hiyo anapewaje jeshi zima la Ufaransa aliongoze dhidi ya ufalme wa Kiafrika? Na kabla ya Dahomey alikuwa wapi, alipanda vyeo kwa njia gani? Paris walimtuma kwa sababu ya asili yake au alikuwa ofisa kama maofisa wengine tu? Mwenye kujua amwage hapa, hata kama ni ndefu nitasoma.

Mto wa Senegal:

Mkuu, ukitaka kumuelewa Dodds anza na mji aliozaliwa, usianze na rangi yake. Saint-Louis ni kisiwa mdomoni mwa mto Senegal, Wafaransa walikaa pale tangu 1659, kwahiyo mpaka Dodds anazaliwa mji ulikuwa na karibu miaka mia mbili ya kufanya biashara na Ufaransa, na palikuwa na tabaka zima la familia za machotara, wafanyabiashara, Wakatoliki, wanaongea Kifaransa nyumbani, wana nyumba za ghorofa na wana watumwa wao mpaka utumwa ulipofutwa 1848. Mwaka huo huo 1848 mji ukapewa haki ya kupeleka mbunge Paris na aliyechaguliwa alikuwa chotara, Durand Valantin. Yaani mtoto wa familia kama ya kina Dodds hakukua akijiona ni mtu wa ufalme fulani wa bara ambao Ufaransa imeuvamia, alikua akijiona Mfaransa wa Saint-Louis, na sheria nayo ilimuona hivyo hivyo.

Akapelekwa kusoma Ufaransa, 1862 akaingia Saint-Cyr ambayo ndo shule kubwa ya maofisa, akatoka 1864 na kuchagua askari wa miguu wa jeshi la majini. Hilo chaguo ni muhimu sana na watu wengi hulipita. Hao ndo waliokuwa wanatumwa ng'ambo, kwenye makoloni, kwenye homa na joto, na ofisa asiye na jina kubwa Paris aliweza kupanda haraka huko kwa sababu vita havikuisha na wenzake walikuwa wanakufa au wanarudishwa nyumbani wagonjwa. Vijana wa familia kubwa walipenda vikosi vya ndani ya Ufaransa, huku kwingine nafasi zilikuwepo.

1870 vita na Prussia vikamkuta ni ofisa kijana. Kikosi chao cha jeshi la majini ndicho kilichopigana nyumba kwa nyumba pale kijiji cha Bazeilles, siku jeshi la Ufaransa lilipozidiwa kwenye vita vya Sedan. Alikamatwa mateka, akatoroka, akarudi vitani na majeshi yaliyoundwa upya baada ya kaizari wao Napoleon III kujisalimisha. Kwa hiyo kabla hajawa jina la Afrika tayari alikuwa na rekodi ya vita vya Ulaya, na hiyo kwa wakubwa wa jeshi ilikuwa na uzito mkubwa.

Baada ya hapo miaka ya 1870 na 1880 ni Senegal, na katikati akapelekwa Cochinchina na Tonkin, Vietnam ya leo. 1887 akawa kanali. Kwahiyo jibu la swali lako la mwisho, mimi naona alikuwa ofisa wa makoloni kama wenzake, tofauti yake ni kwamba alizijua zile nchi kuliko wao na mwili wake ulishazoea hali ya hewa iliyokuwa inawaua.

Baragumu:

Nakubaliana na mengi ya hapo juu ila tusimpambe. Hiyo ya kusema alijiona Mfaransa inaeleza alivyofikiri yeye, haielezi alichowafanyia watu waliozaliwa safari ya siku chache tu kutoka kwao. Mwaka 1890 huyu huyu Dodds ndo aliongoza jeshi kwenda Jolof, ufalme wa Wawolofu, kumng'oa mfalme wake Alboury Ndiaye, wakauchukua mji wake Yang-Yang, Alboury ikabidi akimbilie mashariki kwa Ahmadou mwana wa El Hadj Umar aendelee kupigana huko, na Wafaransa wakaweka mtu wao kwenye kiti. Baada ya hapo akaingia Futa Toro, kando ya mto Senegal, kumsaka kiongozi wa huko Abdul Bokar Kane ambaye aliuawa 1891. Hizi ni nchi za jirani na Saint-Louis, watu wa mjini kwao walikuwa wanafanya nao biashara, wameoana nao, na wale wa Jolof wanaongea Kiwolofu kama wao.

Na tusisahau jeshi lenyewe lilikuwa la nani. Wale askari walioitwa Tirailleurs wa Senegal, kikosi kilichoanzishwa 1857 enzi za gavana Faidherbe, wengi wao walikuwa watu waliotoka utumwani, fedha ya kujiandikisha inaishia kumlipa aliyewamiliki na wao wanabaki na miaka ya kutumikia bunduki. Ndo hao waliopigana kila mahali. Ukisoma tu habari za makamanda unaweza kudhani Ufaransa iliiteka Afrika Magharibi kwa Wafaransa, kumbe Wafaransa wenyewe kwenye safu walikuwa wachache na waliobeba risasi, mchele na majeruhi ni wapagazi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Hata Dahomey wapagazi walitakiwa kutoka kwa Mfalme Toffa wa Porto-Novo, aliyekuwa hasimu wa Abomey na yuko chini ya ulinzi wa Ufaransa.

Kwa maoni yangu Dodds alijua vizuri kabisa anachofanya. Sio kwamba alitumiwa.

Ramani ya Kale:

Ngoja niingie kwenye Dahomey yenyewe maana ndo iliyomfanya awe jenerali.

Ugomvi ulikuwa juu ya pwani, Cotonou na Porto-Novo. Vita vya kwanza vilikuwa 1890, vikaisha kwa mkataba wa Oktoba mwaka huo ambao Ufaransa inabaki Cotonou na kumlipa Behanzin faranga 20,000 kila mwaka. Mkataba huo kila upande uliuona kama pumziko tu. Behanzin akatumia muda huo kununua silaha za kisasa kwa wafanyabiashara wa Kijerumani pale bandari ya Ouidah, bunduki za Mauser, Winchester, hata mizinga, na sehemu ya malipo ilikuwa watu, mateka waliosafirishwa kwenda kufanya kazi kwenye makoloni ya Wazungu yakiwemo ya Wajerumani kule Kamerun, jambo ambalo Wazungu waliokuwa wanahubiri kukomesha utumwa hawakupenda kulisema kwa sauti. Machi 1892 boti ya mizinga Topaze ikapigwa risasi kwenye mto Ouémé ikiwa imembeba Victor Ballot, mwakilishi wa Ufaransa, Bunge la Paris likatoa fedha, na Dodds akapewa kazi.

Alifika Mei 1892 na kitu alichofanya kwanza ni KUTOKWENDA. Hapo ndo naona akili yake ya kijeshi. Kiongozi mwingine angekimbilia Abomey moja kwa moja kutoka pwani, yeye akafunga pwani ili silaha zisiingie, akakusanya watu wake kidogo kidogo, akahesabu chakula na wapagazi, akasubiri, halafu mwezi wa nane akaanza kupanda na mto Ouémé badala ya kukata porini. Jeshi lake lilikuwa kama watu elfu mbili na kidogo, Lejioni ya Kigeni (kikosi cha Ufaransa cha askari wa mataifa mengine), askari wa majini, Tirailleurs na Wahausa. Mto ulimpa maji, barabara ya kupitisha mizigo, na boti zenye mizinga zinazotembea sambamba na askari.

Tarehe 19 Septemba alfajiri jeshi la Dahomey likawavamia kambini Dogba wakiwa bado hawajaamka vizuri. Ilikuwa karibu wafanikiwe, komandanti Faurax wa Lejioni alipigwa pale akafa kwa majeraha, lakini mara safu ilipojipanga ule moto wa bunduki za Lebel na mizinga ya boti ukawakata. Oktoba wakavuka mto, yakaja mapigano ya Poguessa tarehe 4 na Adégon tarehe 6, na huko ndo wale askari wanawake wa Dahomey walipopigana mpaka kugusana, Wafaransa wana singe ndefu na wao wana mapanga. Maofisa wa Kifaransa wenyewe waliandika kwa heshima kuhusu ujasiri wao na mimi naamini hawakutia chumvi.

Shida kubwa ikaja walipouacha mto kuelekea magharibi. Katikati ya Oktoba pale karibu na Akpa maji yaliisha, watu wakaanza kuanguka kwa kiu huku adui yuko mbele kwenye mitaro, na Dodds akarudi nyuma. Paris magazeti yanasubiri ushindi, yeye anarudi nyuma na kukaa kusubiri maji, risasi na askari wapya. Walipofika akasonga tena, mapema Novemba akauchukua mji wa Cana, karibu na Abomey, akapandishwa kuwa jenerali wa brigedi akiwa huko huko vitani, na tarehe 17 Novemba 1892 akaingia Abomey akakuta Behanzin keshaichoma moto na kuondoka kaskazini. Askari wa Ufaransa waliokufa kwa magonjwa kwenye hiyo safari ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Na ndo katika hizo siku za kukaa Abomey vitu vya kasri vilibebwa, baadaye Dodds akavitoa kwa makumbusho ya Trocadéro kule Paris kama mali yake binafsi. Mimi huwa nawaambia watu hiyo ni sehemu ya kazi yake ya kijeshi na sio jambo la pembeni, kuchukua kiti cha mfalme ni kuwaambia watu wake hakuna mfalme tena.

KitabuWazi:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotegemea. Swali dogo la nyongeza: kama Behanzin alikuwa na bunduki za kisasa na watu wengi kuliko Dodds, kwanini alishindwa vile? Na mwisho wao wote wawili ulikuwaje?

Ramani ya Kale:

Silaha zilikuwepo ila za aina nyingi, kila moja na risasi yake, na muda wa kuzizoea ulikuwa mfupi, wengi walikuwa wanapiga juu risasi zinapita vichwani. Lebel nayo ilikuwa inatumia baruti isiyotoa moshi, kwahiyo Mdahomey akipiga moshi unamuonesha alipo, Mfaransa akipiga haonekani. Afu jeshi la Dahomey lilijengwa kwa mashambulizi ya ghafla alfajiri na kurudi nyumbani kabla ya kilimo, halikuandaliwa kupigana miezi mitatu mfululizo na adui ambaye harudi kwao.

Mto wa Senegal:

Niongezee la mwisho wao. Desemba 1892 Dodds alitangaza Behanzin kavuliwa ufalme, lakini kutangaza ni jambo moja na kumpata ni jingine, mwaka mzima mfalme alikuwa huko kaskazini na watu wake wanamficha. Dodds alirudi Ufaransa akapokelewa kama shujaa, halafu 1893 akaletwa tena kumalizia. Safari hii alitumia siasa, akamweka ndugu yake Behanzin, Ago-li-Agbo, kwenye kiti mwezi Januari 1894, na Behanzin alipoona ukoo umegawanyika akajisalimisha mwezi huo huo. Akapelekwa Martinique, 1906 wakamruhusu kuhamia Aljeria na akafia Algiers Desemba ya mwaka huo. Mabaki yake yalirudi nyumbani 1928.

Dodds alipanda mpaka jenerali wa divisheni, akaongoza majeshi Indochina, akapewa nishani za juu kabisa, akafa Paris 1922 na kuna barabara yenye jina lake kwenye wilaya ya 12 ya jiji hilo.

Baragumu:

Na huyo Ago-li-Agbo msimsahau, 1900 Wafaransa walimvua naye wakampeleka Gabon, na baada yake hawakuweka mfalme mwingine Abomey.